Kadi ya Safari na Makato Yasiyoonekana

 

Leo nazungumza na msafiri. Nazungumza na akina mama na akina baba wa Kariakoo wanaofuata mzigo Dubai, Guangzhou na Istanbul. Nazungumza na wagonjwa na ndugu zao wanaokwenda kutafuta matibabu Chennai na Hyderabad, na mahujaji wanaojiandaa kwenda Makka na Madina, na wazazi ambao vijana wao wanasoma ng'ambo. Hawa wote, kabla ya kupanda ndege, wanajiuliza jambo moja: fedha nitakwenda nazo vipi? Zamani jibu lilikuwa dola taslimu, zimefungwa kwenye leso au zimeshonewa ndani ya nguo. Wengi bado wanasafiri hivyo. Ila anayevuka mpaka na zaidi ya dola 10,000 anatakiwa kuzitolea taarifa forodhani, na akiibiwa hotelini hana wa kumlilia. Isitoshe, hoteli nyingi na mashirika ya ndege siku hizi hayakupi hata nafasi kama huna namba ya kadi. Basi msafiri anakwenda benki, anaomba kadi.

Akifika pale anaonyeshwa vipeperushi. Kadi ya kawaida, kadi ya dhahabu, kadi ya platinamu. Hii inakupa ukumbi wa kupumzikia uwanja wa ndege, ile inakupa pointi kila unapochanja. Anachagua iliyompendeza, anaondoka. Akirudi safari anakuta fedha zilizotoka kwenye akaunti ni nyingi kuliko alizotumia, na hajui zimekwenda wapi.

Zimekwenda kwenye kubadilisha sarafu. Ndiyo maana ninachotaka kukuambia leo ni hiki: kadi ya safari usiichague kwa rangi wala kwa zawadi. Ichague kwa kuhesabu fedha zako zitabadilishwa mara ngapi mpaka zimfikie mwenye duka, nani anazibadilisha, na kila mmoja anakata kiasi gani. Ukilijua hilo, mengine yote ni madogo.

Tuanze na jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Ukiona neno Visa au Mastercard kwenye kadi, usidhani hao ndio wenye fedha. Visa ilianza mwaka 1958 katika mji wa Fresno, jimbo la California, wakati Bank of America ilipowapelekea wateja wake kadi iliyoitwa BankAmericard. Jina la Visa lilikuja mwaka 1976. Leo kazi ya mtandao huo ni kupitisha malipo tu kati ya benki yako na benki ya mwenye duka. Anayekupa kadi, anayekuwekea kikomo, anayekukata ada na kukutoza riba ni benki yako mwenyewe. Kwa hiyo Visa ya benki hii na Visa ya benki ya jirani zinaweza kufanana kwa sura, zikakubalika katika maduka yale yale, na bado moja ikakugharimu zaidi ya nyingine. Mtu akikuambia "chukua Visa, ni nzuri", muulize: ya benki gani, na kwenye akaunti ya sarafu gani?

Kadi zenyewe ni za aina nne. Kuna kadi ya akaunti yako ya shilingi, ile uliyozoea kutolea fedha kwenye ATM. Kuna kadi ya akaunti ya dola, kama unayo akaunti hiyo. Kuna kadi unayoijaza fedha kabla, ikiisha unaiongeza. Hiyo haina uhusiano wowote na akaunti yako ya mshahara au ya biashara. Na kuna kadi ya mkopo, ambapo benki inakulipia kwanza, wewe unarudisha mwisho wa mwezi. Ndugu zetu wa Kenya wana nyongeza: mwaka 2022, Safaricom na Visa walianzisha kadi isiyoshikika mkononi, namba tupu ndani ya simu, inayolipa mitandaoni moja kwa moja kutoka M-Pesa.

Sasa tuifuate shilingi yako mpaka Dubai.

Chukua mfano wa mama anayenunua mabuibui Deira. Amelala hoteli, bili yake ni dirham 1,000. Dirham ya Falme za Kiarabu imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1997: dola 1 ni dirham 3.6725, haipandi, haishuki. Kwa hiyo bili yake ni dola 272 na senti chache. Tuchukulie siku hiyo dola inauzwa shilingi 2,500. Bila makato yoyote, mama huyu angelipa takriban shilingi 681,000.

Anatoa kadi ya akaunti yake ya shilingi. Mtandao wa kadi unaigeuza ile dirham kwa bei yake ya siku hiyo. Bei hiyo huwa si mbaya, na unaweza kuitazama mwenyewe, maana Visa na Mastercard wote wana ukurasa wa intaneti wa kukokotoa: unaandika sarafu, tarehe na kiasi, unaona bei. Baada ya hapo benki yake inaongeza asilimia yake kwa kuwa malipo yamefanyika nje ya nchi. Tuseme ni asilimia 3. Bili imefika takriban shilingi 701,000. Shilingi 20,000 zimeondoka, wala hakuna risiti ya Deira itakayozionyesha. Hizo ni za usiku mmoja wa hoteli. Weka na mzigo wa dukani, weka na chakula na teksi, kisha zidisha kwa safari za mwaka mzima.

Kuna mtego mwingine, na huu naomba uusikilize kwa makini, kwa sababu uko mikononi mwako kuukwepa. Mama yule anapoingiza kadi kwenye mashine ya hotelini, kioo kinamwonyesha mistari miwili. Juu: dirham 1,000. Chini: shilingi za Tanzania 721,000 na ushei. Mashine inamuuliza achague. Mhudumu, kwa upole kabisa, anamwambia, "Mama, chagua shilingi, ndiyo pesa yako." Inaonekana ni heshima. Unaiona hesabu kwa sarafu unayoifahamu, moyo unatulia. Unabonyeza.

Ulichobonyeza ni ruhusa ya mwenye mashine kukubadilishia fedha kwa bei anayoitaka yeye. Katika mfano huu amejiongezea asilimia 6, na ziko mashine zinazokwenda juu zaidi ya hapo. Faida hiyo anagawana na kampuni iliyomletea mashine. Na usidhani umeikwepa ada ya benki yako: benki nyingi bado zinakukata, kwa sababu duka liko nje ya nchi, hata kama bili imeandikwa shilingi. Umebadilishiwa ghali na ada umelipa vilevile.

Kanuni ni moja, iandike nyuma ya tiketi: ukiwa ugenini, lipa kwa sarafu ya ugenini. Dubai chagua dirham, Istanbul chagua lira, London chagua pauni. ATM za huko nazo zina swali hilo hilo, na mara nyingi zinaliuliza kwa namna ya kukutisha: zinakuambia "endelea bila ubadilishaji?" kana kwamba unapoteza kitu. Bonyeza endelea bila ubadilishaji. Fedha zitatoka, hazitazuiwa. Na kama mhudumu amekuchagulia kabla hujaona kioo, mwambie kwa adabu afute malipo, aanze upya. Hiyo ni haki yako. Soma risiti kabla hujasaini: ukiona shilingi za Tanzania kwenye risiti ya Dubai, hapo kuna mtu amejipatia faida ambayo hukuikusudia.

Sasa mtu atasema, "Basi mimi nitachukua kadi ya dola, niondokane na hayo yote." Wazo zuri, ila tulipime.

Kama unakwenda Ghuba, kadi ya dola inakufaa sana. Dirham nimeshaisema. Riyali ya Saudia nayo imefungwa kwenye dola tangu mwaka 1986, dola 1 kwa riyali 3.75, na rial ya Omani tangu mwaka huo huo ni dola 2.60 kwa rial 1. Kwa hiyo hujaji aliyeweka dola kwenye akaunti yake kabla ya safari anajua leo hii chakula cha riyali 37 na nusu pale Makka ni dola 10, na kitabaki kuwa dola 10 mpaka atakaporudi. Shilingi ikiyumba nyumbani, yeye haimgusi. Anachotakiwa kuuliza benki ni ada tu ya kutumia kadi ya dola katika nchi isiyotumia dola.

Lakini kumbuka kwamba zile dola hazikuota kwenye akaunti. Ulizinunua. Ulikwenda kaunta na shilingi, ukauziwa dola kwa bei ya kuuzia ya benki, ambayo siku zote iko juu ya bei ya kununulia. Ubadilishaji haukufutika, umeuwahisha tu. Faida yake ni kwamba siku ya kubadilisha umeichagua wewe, na siku hiyo ni jambo kubwa. Wakenya wanalijua hili vizuri. Januari 2024 dola ilikuwa imefika shilingi 160 za Kenya. Miezi michache baadaye ilishuka hadi karibu na 130. Aliyenunua dola Januari kwa hofu na akasafiri Juni aliumia. Na kwetu hapa, mwaka huo huo wa 2024, dola ilipita shilingi 2,700, kisha ikashuka hadi karibu na 2,400 kufikia Desemba. Kwa hiyo sisemi nunua dola zote siku moja. Mwenye safari ya miezi sita ijayo anunue kidogo kidogo, kila mwezi fungu lake, asiweke maisha yake yote kwenye bei ya siku moja.

Ukienda Istanbul, Mumbai au Guangzhou, hesabu inabadilika. Shilingi inageuka dola, dola inageuka lira. Umebadilisha mara mbili. Kwenye nchi ambayo sarafu yake inashuka haraka, kama lira ya Uturuki, iliyokuwa chini ya 8 kwa dola mwanzoni mwa mwaka 2021 na kupita 35 mwishoni mwa 2024, kukaa na dola na kuzigeuza siku ile ile unayolipa kunakulinda: usibadilishe lira nyingi ukaziweka mfukoni. Lakini kama safari yako ni fupi na matumizi ni madogo, kadi ya shilingi yenye ada ndogo inaweza kukutosha kabisa. Huna haja ya kufungua akaunti ya dola, yenye ada yake ya kila mwezi, kwa safari moja ya wiki moja.

Wafanyabiashara mnaokwenda China, nanyi mna habari yenu. China si nchi ya kuchanja kadi. Ukiingia kwenye maduka ya jumla ya Guangzhou, kule Xiaobei na Sanyuanli, utakuta karatasi yenye msimbo wa QR imebandikwa mezani, na mwenye duka hana mashine nyingine. Kwa miaka mingi mgeni alihangaika. Tangu katikati ya mwaka 2023, Alipay na WeChat Pay wameruhusu wageni kuunganisha kadi za Visa na Mastercard za nje ndani ya programu zao. Malipo yasiyozidi yuan 200 hayana ada ya ziada. Yakizidi hapo, wanakata asilimia 3. Mwaka 2024 kikomo cha malipo ya mara moja kilipandishwa kutoka dola 1,000 hadi 5,000, na cha mwaka kutoka 10,000 hadi 50,000.

Maana yake kwa mtu wa Kariakoo ni nini? Ni kwamba chakula, teksi, treni ya chini ya ardhi na sampuli za bidhaa unaweza kuzilipia kwa simu, kwa kadi ya nyumbani. Mzigo wenyewe, ule wa kujaza kontena, usiulipe hivyo. Kwanza, ile asilimia 3, ukijumlisha na ada ya benki yako, inaila faida yako. Pili, kadi ya nje ndani ya programu hizo inalipa maduka yaliyosajiliwa, hairuhusiwi kumtumia mtu binafsi fedha, na wauzaji wengi wadogo wanapokea kwa jina lao wenyewe. Mzigo lipa kwa kutuma fedha benki kwa benki, kwa ankara yenye jina la kampuni na mhuri wake. Na kama unakwenda China mara kwa mara, uliza kuhusu kadi ya UnionPay, mtandao wa Wachina wenyewe ulioanzishwa mwaka 2002. Zipo benki hapa nchini zinazozitoa, na ATM za kule zinazipokea bila shida. Iunganishe programu ya malipo ukiwa bado nyumbani, ambapo intaneti ni yako na benki yako iko karibu. Usingoje mpaka ufike uwanja wa ndege wa Baiyun kule Guangzhou.

Sasa tuje kwenye kadi ya mkopo yenyewe, maana wengi wanaiogopa na wengi wengine wanaipenda kupita kiasi.

Kadi ya mkopo ina kazi moja ambayo kadi ya akaunti haiifanyi vizuri: dhamana. Ukifika hotelini, mhudumu anachukua kadi yako na kuzuia kiasi fulani, tuseme dola 200, kwa ajili ya vitu utakavyovunja au kula. Hajazichukua, amezizuia. Kwenye kadi ya mkopo amezuia sehemu ya kikomo chako. Fedha zako hazijaguswa. Kwenye kadi ya akaunti amezuia fedha zako mwenyewe, zile ulizopangia dawa na chakula. Na ukiondoka, yeye akaziachia leo, benki yako inaweza kuchukua siku kadhaa, wakati mwingine wiki mbili, kuzirudisha kwenye salio. Mfikirie mgonjwa aliye Chennai, mwenye bajeti iliyohesabiwa mpaka senti, anaona salio limepungua na hajui kwa nini. Kampuni za kukodisha magari ndizo zilizo kali zaidi: nyingi hazikupi gari bila kadi ya mkopo yenye jina la dereva.

Kwa hiyo kama unayo, safiri nayo, itumie kwa dhamana na kwa dharura. Lakini sheria zake uzijue. Ukilipa deni lote kabla ya tarehe iliyoandikwa kwenye taarifa ya mwezi, hulipi riba kwa ulichonunua. Ukilipa kile kiasi cha chini wanachokutajia, riba inaanza. Tuchukulie umerudi na deni la shilingi 3,000,000 na benki inatoza asilimia 3 kwa mwezi: mwezi wa kwanza tu ni shilingi 90,000, na mwezi unaofuata riba inakaa juu ya riba. Mzigo ulioleta unaweza kukaa dukani miezi minne. Deni halisubiri mzigo uuzwe.

Na kamwe usitoe taslimu kwenye ATM kwa kadi ya mkopo. Pale hakuna siku za neema. Riba inaanza kuhesabiwa siku ile ile, na kuna ada ya kutoa juu yake. Taslimu itoe kwa kadi ya akaunti, tena mara chache na kiasi cha kutosha, maana kila ukitoa unakutana na ada isiyobadilika ya benki yako, na mara nyingi ada ya mwenye mashine pia. Kutoa mara tano kidogo kidogo ni ghali kuliko kutoa mara moja.

Kwa wanaokwenda hospitali India, nawaomba msikilize hili. Msiitegemee kadi kulipa bili ya upasuaji. Kadi nyingi zina kikomo cha siku, na kikomo hicho kinakuja kukumbukwa pale dirisha la malipo, mgonjwa akiwa amelala kwenye kitanda cha kusukumwa. Malipo makubwa yatumwe benki kwa benki mapema, hospitali ithibitishe kwa maandishi kwamba yamefika. Kadi ibaki kwa malazi, dawa na chakula. Kabla ya kuondoka, omba benki ikupandishie kikomo kwa kipindi cha safari, na uithibitishe kwenye programu ya simu. Na jueni kwamba vibanda na maduka madogo ya India yanalipwa kwa QR ya mtandao wao wa ndani, ambao Visa yako haiingii. Rupia kidogo mfukoni ni lazima.

Jambo la usalama, na hapa kuna kitu kinachowakwamisha watu wengi kuliko wizi. Unaponunua tiketi au kulipia hoteli mtandaoni, benki inatuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi kwenye laini yako ya nyumbani. Wewe umefika Istanbul, umetoa laini ya nyumbani, umeweka laini ya Uturuki kwa ajili ya intaneti rahisi. Ile namba inakwenda kwenye laini iliyolala ndani ya pochi. Malipo yanakataa. Unajaribu tena, yanakataa, mara ya tatu kadi inafungwa. Kabla ya safari, hakikisha laini uliyosajili benki inafanya kazi nje ya nchi, na ibaki ndani ya simu. Kama benki yako inaruhusu kuthibitisha kupitia programu yake, washa njia hiyo ukiwa nyumbani. Na waarifu kwamba unasafiri, nchi gani na tarehe gani, maana kadi nyingi hapa kwetu zinakuja zimefungwa kwa matumizi ya nje na ya mitandaoni mpaka mwenyewe uombe zifunguliwe.

Beba kadi mbili, za mitandao miwili tofauti, na usiziweke pochi moja. Na jua kwamba mtandao unaweza kuzimwa nchi nzima: Machi 2022 Visa na Mastercard zilisitisha shughuli zao Urusi, na kadi zilizotolewa nje ya nchi hiyo zikaacha kufanya kazi huko. Mzazi mwenye kijana anayesoma Urusi asimpe kadi hizo akidhani amemaliza. Atafute njia nyingine kupitia chuo na benki. Kabla ya kusafiri kwenda nchi yoyote, jua ni mtandao upi unapokelewa kule.

Ukikatwa fedha ambazo hukuzitumia, au ukalipia mzigo usiofika, kadi inakupa haki ambayo taslimu haikupi: unaweza kupinga malipo kupitia benki yako, na muda wa kupinga kwa kawaida ni siku 120. Lakini utatakiwa kuonyesha ushahidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Piga picha kila risiti, andika tarehe, tunza mazungumzo yako na muuzaji. Ukirudi, kaa chini na taarifa ya akaunti, linganisha mstari kwa mstari.

Zile zawadi, msikilizaji, pointi na kumbi za kupumzikia, nazitaja kwa ufupi. Kama kadi inakupa ukumbi uwanja wa ndege na ada yake ya mwaka ni kubwa, jiulize unasafiri mara ngapi. Bima ya safari inayokuja na baadhi ya kadi ni jambo la maana, ila isome: nyingi zinataka uwe umenunua tiketi kwa kadi hiyo hiyo, na nyingi haziwagusi wenye ugonjwa waliokuwa nao kabla ya safari.

Sasa nenda benki. Usiulize "kadi hii ina asilimia ngapi?" Ukiuliza hivyo utatajiwa asilimia moja na nyingine tatu zitabaki kimya. Uliza hivi: "Dada, samahani. Nikinunua kitu cha dola 100 nje ya nchi leo, na kadi hii, kwenye akaunti yangu zitatoka shilingi ngapi kamili?" Kisha uliza: nikitoa dola 100 kwenye ATM ya kule, zitatoka ngapi? Kikomo changu cha siku ni kiasi gani? Namba ya uthibitisho nitaipata vipi nikiwa nje? Kadi ikipotea usiku, napiga simu gani? Omba majibu kwa maandishi. Nenda benki ya pili, uliza maswali yale yale, neno kwa neno, kisha weka karatasi mbili mezani. Kuuliza si ujinga, na fedha ni zako.

Kwa benki zetu nina ombi, na nalisema kwa heshima. Wateja wenu wanaovuka mipaka si matajiri wa kutalii tu. Ni mama aliyeuza kiwanja apeleke mtoto kufanyiwa upasuaji wa moyo. Ni kijana aliyekusanya mtaji kwa miaka mitatu. Andikeni gharama yote ya kutumia kadi nje ya nchi mahali pamoja, kwa Kiswahili, kwa shilingi, bandikeni ukutani na wekeni kwenye simu. Na malipo yakifanyika nje, ujumbe unaokuja uonyeshe bei iliyotumika na ada iliyokatwa, kila kimoja peke yake. Mteja akiviona, atachagua vizuri, na benki yenye makato ya haki ndiyo itakayompata.

Mpaka siku hiyo ifike, msikilizaji, karatasi zako mbili na swali lako la dola 100 ndizo zitakazokulinda. Nakutakia safari njema na marejeo mema.